Mimi Sina, Kabugho Anayo

Jumamosi. Niko Bwera, nyumbani kwa mdogo wangu. Mvua ilianza asubuhi upande wa Congo na sasa iko juu ya mabati yetu, haizidi wala haipungui. Nimekunywa vikombe viwili vya chai na sikumbuki kama vilikuwa na sukari.

Jana tulipewa majibu.

Nimeandika sentensi inayofuata na kuifuta mara kadhaa. Acha niiandike kama ninavyowafundisha wanafunzi wangu, fupi, bila madoido. Mimi sina. Kabugho anayo.

Sijalia. Nangoja nilie, kama mtu aliyepigwa ganzi ya jino anavyongoja mdomo wake urudi.

Kwa anayesoma hapa kwa mara ya kwanza: sisi ni wasichana watatu wa mama mmoja. Masika ndiye mkubwa, mimi Biira ni wa pili, Kabugho wa tatu. Kwa Wakonzo, watu wa mama, jina peke yake linatosha kukuambia nani alimtangulia nani. Baba alikuwa mwanajeshi, mtu wa Lira, kaskazini, ila majina alimwachia mama atupe. Tulikulia kambini Kasese, ndiyo sababu Kiswahili kilikuwa lugha yetu ya nyumbani na leo nakifundisha sekondari. Mama alikuwa mzaliwa wa hapa Bwera. Alikufa kwa saratani ya titi Kabugho akiwa bado hajaanza shule. Nyanya yetu, mama yake mama, alikufa kwa kitu walichokiita kidonda cha kifua. Siku hizi najua kilikuwa nini.

Mwaka jana Masika akaona uvimbe. Kampala walimwondoa titi la kushoto, wakampa zile dawa za kumwaga nywele, kisha wakapima damu yake kipimo ambacho hatukuwahi kukisikia. Wakakuta jeni moja iliyobadilika. Si ugonjwa wenyewe, Masika alituambia. Ni mlango ambao kwa wanawake wengine umefungwa kwa komeo, kwetu umeegeshwa tu. Mzazi akiwa nayo, kila mtoto anaweza kuipata au kuikosa, nusu kwa nusu. Kwa hiyo tukapime. Alisema hayo kwenye simu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, kana kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza.

Mimi sikuhitaji kupima ili nijue. Nilijua tangu nikiwa msichana.

Mimi ni mama mtupu. Ufupi wake, pengo lake la meno, kifua chake. Siku ya mazishi wanawake walikuwa wakiniona wanaanza kulia upya. Kabugho ni baba kutoka unyayo hadi utosi, mrefu, mweusi tii, miguu ya kukimbilia, kicheko cha kusikika hadi lango la kambi. Katika akili yangu jambo lilikwisha amuliwa: ikiwa kuna kitu mama alikiacha, alikiacha kwangu.

Nikapanga maisha hivyo. Kulikuwa na mwanaume, askari wa wanyama kule mbugani, mtu mpole. Alitaka tuoane. Nilimweleza wazi kwa nini sitaki kuzaa, akasema atangoja nibadili mawazo, nikamwambia asingoje. Alingoja kidogo, kisha akaoa kule Kitswamba. Simlaumu. Nikakodi nyumba ya mtu mmoja. Nikajifunza kuoga bila kujitazama. Mwaka huu, kabla hata damu haijatolewa, nilikwisha muuliza daktari habari za kuondoa matiti yote mawili, na nikashona blauzi pana za kuvaa baadaye.

Nilikuwa tayari. Hilo ndilo neno ambalo jana lilikosa mahali pa kukaa.

Kabugho hakutaka kupima. Ana kibanda cha vitenge pale soko la Mpondwe, ana mume, ana Neema ambaye bado ananyonya. Alisema, "Dada, mimi niko mzima, nitafute nini hospitalini?" Nikambembeleza. Nikamwambia anisindikize tu, sitaki kuwa peke yangu siku hiyo, na kwa kuwa yuko pale atoe damu naye, amfurahishe Masika. Akacheka, akasema sawa, nitakushika mkono.

Alikuja kunishika mkono mimi.

Mshauri wa vipimo hivi ni binti mdogo wa Kampala, ana sauti ya chini na viatu vya raba. Hufika mara moja moja katika kliniki moja kule Kasese mjini. Mara ya kwanza alituchora: miduara ya wanawake, mraba wa baba, mistari ya kutuunganisha. Alizungumza Kiingereza. Kiswahili chake ni cha kujifunza kwa wanajeshi waliokuwa jirani zao: njoo, kaa, haraka. Kabugho aliacha shule mapema, Kiingereza kinampita. Mshauri alitaka atafutwe nesi wa kutafsiri, akaeleza kwamba si vizuri ndugu kubeba mzigo huo. Kabugho akakataa kabisa. "Sitaki mtu wa Kasese ajue mambo yangu. Dada yangu ni mwalimu. Yeye ataniambia."

Nikakubali. Niliona ni jambo dogo. Kwa hesabu yangu hakungekuwa na kitu cha kumwambia.

Jana niliingia kwanza. Mshauri aliniuliza kama bado nataka kujua. Nikasema ndiyo. Akaniambia sikuirithi. Nikamwomba aseme tena, akasema tena. Nikamuuliza kama chupa za damu hazikuchanganywa. Hakuudhika. Alisema wamehakiki, na kwamba watu wengi huuliza hivyo. Sasa hatari yangu ni ile ya mwanamke yeyote, niendelee kujichunguza kama wengine. Akanisogezea karatasi laini za kufutia machozi. Sikuwa na cha kufuta. Nikachukua moja kwa adabu, nikaikunja.

Nilitazama kalenda ukutani. Ilikuwa na picha ya maporomoko ya maji. Nikawa nafikiria blauzi.

Kisha Kabugho akaitwa. Aliingia na Neema mgongoni, amelala. Akanitazama usoni. Sijui uso wangu ulikuwa unasema nini, nadhani haukusema kitu, naye akaelewa vibaya. Alinikumbatia kwa nguvu, mtoto na vyote, akasema, "Pole, dada. Pole sana. Tutakuwa pamoja." Nilifungua mdomo. Mshauri akawa amekwisha anza.

Alisema sentensi mbili kwa Kiingereza, polepole, akimtazama Kabugho na si mimi, kama inavyotakiwa. Nilizielewa kabla hazijaisha. Kwa muda ule, katika ukoo wetu wote, mimi peke yangu ndiye niliyejua. Kabugho alikuwa bado ananisugua mgongo.

Nikasema, "Unayo."

"Ninayo nini?"

"Ile ya Masika. Unayo."

Mkono wake ukasimama mgongoni mwangu.

"Na wewe?"

"Mimi sina."

Akaketi. Alinitazama, si kwa hasira, zaidi kama mtu anayesoma bango la mbali. Kisha akasema, "Muulize kama naweza kuendelea kumnyonyesha mtoto."

Nikauliza. Mshauri akasema ndiyo, bila shaka. Haiendi kwa maziwa. Kama Neema anayo, alizaliwa nayo; kama hana, maziwa hayatampa. Na watoto hawapimwi, akikua ataamua mwenyewe. Kisha akaeleza yanayofuata: kuanza uchunguzi wa matiti mwezi huu huu, na kuurudia bila kuchoka; akimaliza kuzaa, kuzungumza habari ya kuondoa vifuko vya mayai, maana saratani hufika huko pia, na matiti, kama mwenyewe atataka, hakuna wa kumlazimisha. Kuwa nayo si kuwa mgonjwa. Alilisema hilo mara nyingi.

Nilitafsiri yote. Nilitafsiri vizuri, hata palipokuwa na maneno magumu. Mahali fulani nilikosea upatanisho wa ngeli, nikarudi nyuma nikausahihisha. Mdogo wangu anaambiwa mwili wake utakavyoweza kukatwa, nami nasahihisha sarufi.

Tulipotoka alisema ana njaa. Anayenyonyesha ana njaa siku zote. Tukaingia mahali tukaagiza samaki na obundu, ule ugali wetu wa muhogo. Alikula wake wote. Mimi nilikuwa nauviringa mkononi tu.

"Usinitazame hivyo," alisema. "Mimi si maiti."

"Sikutazami hivyo."

"Unanitazama kama walivyokuwa wakikutazama wewe matangani kwa mama." Akavuta sahani yangu. "Kama huli, leta."

Nilitegemea kurudi kwangu, lakini alisema niende naye Bwera, hawezi kuyaeleza peke yake, maneno yatamchanganya. Tukapanda gari. Pale Kikorongo akashuka kununua chumvi ya Katwe kwa wale wanawake wa njia panda, akabishana nao juu ya uzito kama siku yoyote nyingine. Kisha tukaipita Kisinga. Kule ndani kuna hospitali ya misheni ambako mama alifia. Mara zote nikipita pale huwa nageuza uso. Jana sikugeuza.

Sasa nyumbani. Mume wake anaitwa Baluku, hununua kahawa kwa wakulima wa milimani, si mtu wa maneno. Mama yake anaishi nao. Alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Kasindi ya Congo, na Kiswahili chake ni cha kule. Ni mama wa kanisa, mchapakazi, anampenda Neema kuliko macho yake. Nayasema haya ili asionekane mbaya kwa yanayofuata.

Tuliketi sebuleni. Kabugho akaniambia, "Dada, eleza." Nikaeleza, kama darasani. Nilipofika kwenye neno jeni, Mama Baluku akashtuka.

"Jini? Mutoto wetu iko na jini?"

"Hapana, Mama. Jeni. Ni kitu kiko ndani ya damu, mtu anazaliwa nacho. Si pepo."

"Kama ile iko mu damu, basi iko mu maziwa." Akasimama. Neema alikuwa kwapani mwa mama yake, ananyonya, miguu inaning'inia. "Kabugho, munipatie mutoto. Aache kunyonya leo leo. Mimi nitamupikia bui, uji ya mutoto, maziwa ya ng'ombe iko."

Akamchukua. Hakumpokonya, alimchukua tu, kama anavyomchukua kila siku, na Kabugho alikuwa amechoka kiasi kwamba mikono yake iliachia. Neema akaanza kulia. Blauzi ya Kabugho ilibaki wazi na maziwa yakawa yanadondoka kwenye sketi, naye hakuyafuta.

Hapo ndipo nilipaswa kupaza sauti. Najua. Niliona kila kitu vizuri sana, kama nimekaa nyuma ya kioo. Nikasema kwa sauti yangu ile ile ya darasani, "Mama, mshauri amesema haiendi kwa maziwa. Nilimuuliza mwenyewe." Mama Baluku akasema mshauri hana mjukuu hapa.

Baluku alikuwa ameketi kando ya mlango. Aliniuliza, "Mwalimu, uliuliza hiyo?"

"Kabugho ndiye aliyeuliza. Ndilo swali lake la kwanza. Mimi nilitafsiri."

"Na wakasema?"

"Wakasema anyonyeshe."

Akainuka, akamwendea mama yake, akamtoa Neema mikononi mwake polepole. Akamweka mapajani mwa Kabugho.

"Munyonyeshe," alisema.

"Baluku, mwanangu—"

"Mama, huyu mutoto analia."

Basi. Alitoka nje akaketi juu ya pikipiki yake bila kuiwasha, akaikalia mpaka giza likaingia. Aliporudi ndani alimuuliza mke wake uchunguzi ni lini, akasema atampeleka mwenyewe. Mama Baluku alipika, akatupakulia sote, akampa Kabugho kipande kikubwa cha nyama. Hakumwangalia. Leo asubuhi ameenda kanisani, kwenye maombi ya akina mama, na mwavuli, na najua atawaambia nini wenzake, na najua wataomba kwa sauti, na sina nguvu ya kulichukia jambo hilo.

Asubuhi nilimpigia Masika. Nilimwambia la Kabugho kwanza. Alilia sana, nikashika simu nikamsikiliza. Kisha akauliza, "Na wewe?" Nikasema sina. Ndipo nikasikia kicheko, kicheko cha kweli, cha mtu asiye na nywele na mwenye titi moja, anacheka peke yake Kampala asubuhi ya mvua.

"Biira! Asante Mungu! Wewe? Tuliyekuwa tumekwisha kukuzika?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona husemi kitu? Furahi basi!"

Nikasema nimefurahi. Yeye ndiye mtu pekee aliyefurahi kwa ajili yangu hadi sasa, na nilimjibu kama ninavyomjibu mkaguzi wa shule.

Baada ya hapo Kabugho aliniita bafuni. Bafu lao liko nyuma, mabati matatu na pazia, mvua inaingia juu. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni. Akasema, "Mshauri alisema nijue matiti yangu yalivyo. Mimi sijui natafuta nini. Wewe umejichunguza miaka yote. Nionyeshe."

Ni kweli. Nimejichunguza kwa vidole tangu nikiwa na miaka kumi na minane. Hakuna kitu ninachokijua vizuri zaidi, hata ngeli za Kiswahili. Nikamwonyesha: vidole vitatu, duara dogo, kutoka kwapani kuingia ndani. Nikamwambia sasa yamejaa maziwa, kwa hiyo yana mabonge mabonge, asiogope kila bonge, atazame lile lisiloondoka baada ya mtoto kunyonya. Alinitazama mikono kwa makini, kama mwanafunzi mzuri. Maziwa yalitiririka hadi kwenye kifundo cha mkono wangu. Yalikuwa ya moto. Nilishangaa jinsi yalivyokuwa ya moto.

"Kuna kitu?" aliuliza.

"Hakuna kitu."

"Una uhakika?"

"Leo hakuna kitu."

Akavuta pumzi. Halafu, akiwa ananipa mgongo, anachota maji, akasema, "Ingekuwa wewe, ningekuwa nafanya nini sasa hivi? Ningekuwa nakuonea huruma na kurudi kwenye vitenge vyangu. Nisingejua. Ningeendelea kutojua." Akajimwagia. "Sijui kama nikushukuru au nikupige."

"Chochote utakachochagua."

"Nitakuambia."

Hajaniambia bado. Sasa amelala na mtoto chumba cha pili. Nawasikia wote wawili wakipumua kati ya matone.

Nimejaribu kufikiri juu yangu mwenyewe, kwa sababu wanasema mtu aliyepewa habari njema anapaswa kufikiri juu yake mwenyewe. Nina miaka thelathini na sita. Naweza kuzaa. Naweza kuvaa blauzi ya kubana. Nayaandika haya na ni kama naandika ya jirani. Yule mwanamke niliyejiandaa kuwa, yule mgonjwa jasiri, hayupo na hatakuwapo, na sijui ni nani aliyekuwa akiishi katika ile nyumba ya mtu mmoja badala yake. Mshauri alisema wengine wanaopata jibu kama langu huhuzunika kuliko wenye jibu lile jingine, na kwamba nikitaka nimpigie. Sihuzuniki. Sifurahi. Niko hapa, nasikiliza mabati.

Nimeamua mawili tu. Siku ya uchunguzi wa Kabugho nitaomba ruhusa shuleni, hata kama Baluku anaenda. Na zile blauzi nitampa mtu mwingine, bila kumweleza ni za nini.

Simu imelia sasa hivi. Ni ujumbe wa mwalimu mwenzangu wa Jiografia, ambaye alijua ninakwenda kuchukua majibu. Ameandika, "Majibu vipi, madamu?"

Nimeusoma ujumbe huo mara mbili. Nikimjibu, nimpe yangu, au yetu?